Mhazini na Alama ya Reli

Kamati ya harusi ya mdogo wangu ilinitwisha uhazini kwa kosa moja: niliwahi kusoma hesabu chuo kikuu. Wahazini wenzangu hununua daftari la mistari. Mimi nikafungua Mathematica, programu ya hesabu iliyotoka mwaka 1988, inayosaka namba tasa bila kutoka jasho. Kumsaka shangazi ambaye hajatimiza elfu hamsini ingeshindwaje?

Amri yake ni Select. Unaipa orodha na sharti, nayo inachambua kama mchele kwenye ungo. Nafasi ya kiasi hushikwa na #, reli ileile tunayobonyeza tukiangalia salio. Nikaandika # < 50000, nikabofya. Orodha ikarudi tupu. Hakuna anayedaiwa! Nikakimbilia grupu la WhatsApp: "Ndugu wanakamati, wote mmekamilisha, Mungu awabariki." Wasiotoa hata mia ndio waliowahi kujibu Amina.

Jioni mwenyekiti akapiga. "Mhazini, kwa hiyo ukumbi tukalipie kesho?" Pesa niliyokuwa nayo ingetosha soda, tena za meza kuu tu.

Kumbe nilisahau &, kidude cha kufungia sharti mwishoni, ndicho kinachoyageuza maneno yale kuwa swali. Na programu hii hailalamiki ovyo: inapita kwa kila jina, na jina lisilojibu "kweli" inaliacha nje, kimya, kama mlinzi wa ukumbini asiye na muda wa maelezo. Nikaweka &. Wadaiwa wakamwagika 31, pamoja na watatu walioongoza kwa Amina.

Ila baba mdogo hakuwemo. Baba mdogo aliyeahidi laki tano, akasimama kabisa wazee wakampigia makofi! Nikachungulia orodha. Penye kiasi chake nilikuwa nimenakili alivyonijibu kwenye simu: "Ijumaa nitatoa". Sasa, "Ijumaa nitatoa" ni ndogo kuliko 50000? Mathematica haikusema kweli wala uongo. Ikaliacha swali kama lilivyo, na baba mdogo akapita katikati. Wengi wetu kwenye michango tunaishi hapohapo katikati.

Nikatunga sharti jingine: toa kila ambaye kiasi chake si namba. Safari hii & niliihakiki mara mbili. Akatoka baba mdogo. Chini yake likatoka jina langu, na mbele yake, kwa mkono wangu mwenyewe: "mshahara ukitoka".