Mahakama Haikimbii: Mwongozo kwa Wafiwa Wasio na Haraka

Kwanza pole. Mtu wenu kagongwa na lori la makontena pale Miritini, mmezika, matanga mmeondoa, na sasa jirani mmoja mjuaji anasema kuna fidia. Kweli ipo. Sheria ya Kenya ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, inawapa mke, mume, mzazi na mtoto wa marehemu haki ya kumdai yule ambaye uzembe wake umeleta kifo. Inawapa na miaka mitatu ya kwenda mahakamani. Miaka mitatu ni mingi, na ndiyo sababu watu wengi sana huimaliza yote. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuimaliza vizuri, bila jasho, huku akiamini mpaka siku ya mwisho kwamba kesi anaishughulikia.

Aanze kwa kuhesabu vibaya. Ajiambie kwamba siku zinaanza baada ya arubaini, au mjane akishatoka eda. Eda ni miezi minne na siku kumi, na Sura ya 32 haina habari nayo. Saa inaanza kugonga siku mtu alipokata roho, wakati bado mnatafuta kibali cha mazishi na gari la kubebea maiti. Hapo pana utamu mwingine ambao wengi hawauoni. Kwa kawaida madai ni mawili, pacha. La kwanza ni la waliokuwa wakilishwa na marehemu, nalo lahesabiwa tangu kifo. La pili ni la marehemu mwenyewe, la maumivu aliyoyapata na umri aliokatiwa, ambalo Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, inaliacha liishi mikononi mwa msimamizi wa mirathi yake. Hilo la pili lahesabiwa tangu ajali ilipotokea. Kwa hiyo kama mgonjwa alilala wodini miezi mitano kabla ya kufa, pacha mmoja amemtangulia mwenziwe kwa miezi mitano. Mkihesabu kwa kufuata cheti cha kifo peke yake, mmoja mtampoteza bila hata kumwona usoni.

Kisha itisheni kikao cha ukoo. Hakuna chombo kilichowahi kubuniwa cha kula muda kuliko kikao cha ukoo chenye ajenda ya pesa ambazo hazijapatikana. Aliyeko Doha asubiriwe mpaka likizo yake. Ami asitie saini jambo ambalo hakushauriwa. Ndugu wa marehemu waulize fungu lao ni lipi, na wagombane kwa sauti ya juu zaidi ya wote, ingawa Sura ya 32 imewataja mke, mume, mzazi na mtoto, na ndugu haikuwataja. Wake wakiwa wawili, kikao hicho kinaweza kumaliza mwaka mzima bila msaada wa mtu yeyote wa nje.

Msaada wa nje, hata hivyo, upo, tena wa heshima kubwa. Ni yule kijana wa kampuni ya bima. Atawapigia yeye mwenyewe. Atasema, "Mama, shikamoo. Poleni sana na msiba. Mambo ya mahakama ni gharama na usumbufu, sisi tutamalizana kindugu. Nitumie tu abstrakti ya polisi na cheti cha kifo." Naye mama atajibu, "Marahaba mwanangu, Mungu akuweke." Karatasi zitatumwa. Baada ya miezi mitatu ataomba kadi ya mazishi. Baada ya miezi mingine mitano ataomba ripoti ya uchunguzi wa maiti, iliyothibitishwa. Faili litakuwa kwa meneja, halafu kwa mkaguzi, halafu Nairobi. Hakuna hata simu moja kati ya hizo itakayokuwa na ukali, wala hata moja itakayosimamisha saa. Mazungumzo ya kumalizana hayaongezi siku za sheria, hata yakiendeshwa kwa barua zenye mihuri. Siku moja baada ya miaka mitatu kutimia, yule mwanetu mwenye shikamoo hatapokea simu tena, na sidhani kama ni adabu zilizomwishia. Kazi yake imekwisha.

Mkitaka kumsaidia, subirini pia kesi ya polisi. Dereva ameshtakiwa kwa kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari, chini ya kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki, na mtu mwenye busara atawaambia: ngojeni kwanza hakimu amtie hatiani, halafu ndipo mdai. Ushauri huu una sura ya hekima kabisa. Kweli hukumu ya hatia ni ushahidi mzuri katika kesi ya madai. Lakini haihitajiki ili kesi ya madai ifunguliwe, na kesi za barabarani zinajulikana: leo shahidi hayupo, kesho faili halionekani, keshokutwa hakimu amehamishwa na kesi inaanza upya. Anayezingoja ameshika njia ya uhakika.

Sasa tuje kwa wale ambao hata hiyo miaka mitatu hawakupewa, maana mwongozo unaowasahau hao hautakuwa mwongozo. Tazameni nambari ya gari. Ikiwa inaanza na GK, ni gari la Serikali, na Sheria ya Ukomo wa Madai dhidi ya Mamlaka za Umma, Sura ya 39, inataka dai la madhara lifunguliwe ndani ya miezi 12. Ikiwa kilichoua ni mtambo wa Mamlaka ya Bandari, sheria yake inataka ilani ya mwezi mmoja kwanza, na kesi ndani ya miezi 12. Reli nayo ina kifungu cha namna hiyo hiyo. Na ikiwa marehemu alifia kazini, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inawatengea wategemezi wake mapato ya miezi 96, kwa sharti kwamba dai liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu kifo. Mfiwa aliyeambiwa na jirani kwamba "ni miaka mitatu" atakwenda kwa utulivu mwaka wa pili, na mambo yatakuwa yamekwisha zamani. Jirani huyo hakusema uongo. Alikuwa akisimulia ajali nyingine.

Anayelalamika kwamba muda huu ni mfupi amshukuru Mungu kwamba hakufiwa Uingereza mwaka 1808. Mwaka huo ilitolewa hukumu juu ya gari la farasi la abiria lililopinduka. Mwanamke mmoja aliumia, akafa kiasi cha mwezi mmoja baadaye, na mumewe akashtaki. Jaji Ellenborough akaamua kwamba katika mahakama ya madai kifo cha binadamu hakiwezi kulalamikiwa kuwa ni hasara. Mume alifidiwa kwa kumkosa mkewe tangu ajali hadi kifo, na hapo hesabu ikafungwa. Yaani mwenye gari alipata nafuu mgonjwa alipokufa. Ilibidi treni zianze kuua watu ndipo Bunge lao, mwaka 1846, likapitisha sheria iliyoasisiwa na Lord Campbell na kuwaruhusu wafiwa kudai, nayo iliwapa miezi 12. Sura ya 32 ya Kenya ni mjukuu wa sheria hiyo, na ukarimu wake wa miaka mitatu umemzidi babu mara tatu.

Tuseme sasa mmezinduka mwaka wa tatu na mmempata wakili. Msikate tamaa, bado mnaweza kushindwa. Njia iliyonyooka kuliko zote ni kufungua kesi bila hati ya usimamizi wa mirathi. Jina la mjane liko kwenye mashtaka, watoto wako mahakamani, kila mtu anajua huyo ndiye mkewe, sasa hati ya nini? Lakini mke, kwa kuwa mke tu, hawezi kudai kwa niaba ya mirathi. Mahakama ya Rufani ililisema hilo mwaka 1993 katika kesi ya Troustik Union: asiye na hati hana mguu wa kusimamia, na hati itakayopatikana baadaye hairudi nyuma kuitia uhai kesi iliyozaliwa mfu. Upo mlango mdogo. Ikiwa miezi sita imepita tangu kifo bila msimamizi kufungua kesi, wategemezi wenyewe wanaweza kudai chini ya Sura ya 32. Mlango huo hauliokoi lile dai pacha la marehemu. Na hati yenyewe, hata ile ndogo ya kuendeshea kesi tu, haipatikani asubuhi ikatumika jioni. Inataka barua ya chifu, inataka cheti cha kifo, na inataka ule ukoo wa kikao chetu ukubaliane.

Njia ya pili ni kumshtaki asiyehusika. Abstrakti imeandika jina la mtu aliyeliuza lori hilo zamani, nanyi msiulize NTSA, mamlaka inayosajili magari, nani mwenye gari siku ya ajali. Mtajua ukweli siku ya utetezi, wakati mwenye lori halisi ameshavuka mwaka wa tatu akiwa salama salimini.

Wako pia wanaosoma sheria nusu, na hao nawapenda zaidi. Wamesikia kwamba kati ya tarehe 21 Desemba na tarehe 13 Januari siku hazihesabiwi, basi wakaenda zao likizo. Kweli Amri ya 50 ya Kanuni za Mashauri ya Madai inaziruka siku hizo, lakini ni katika muda uliowekwa na kanuni hizo au na amri ya korti. Miaka mitatu imewekwa na Bunge, na Bunge halikutaja Krismasi. Wengine wamesikia kwamba siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu inasogezwa mbele. Hilo ni kweli. Ila kupanga kesi ya maisha yako kwa kutegemea mwezi wa Idi utaonekana usiku gani, hiyo si sheria tena, ni unajimu. Siku hizi nyaraka hupelekwa kwa mtandao, jambo linalompa mchelewaji uhuru wa kuchelewa hadi saa tano usiku, kisha agundue kwamba ada ya korti haijalipwa na simu haina salio.

Mkishapitwa, mtaambiwa muombe ruhusa ya kuongezewa muda. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22, kinaitoa kwa mtu ambaye jambo la msingi la kesi yake lilikuwa limefichika asilijue. Mtaulizwa ni jambo gani hamkulijua. Kifo mlikijua, lori mlilijua, dereva mlimwona kortini. Kusubiri simu ya bima si jambo lililofichika.

Kesi ikifutwa, kwa kawaida gharama za upande wa pili zitawaangukia ninyi, pamoja na za wakili wa ile bima ya kindugu. Na kama aliyechelewa ni wakili wenu mwenyewe, mkiwa mmempa karatasi zote mapema, mnaweza kumdai yeye. Dai hilo nalo lina muda wake: miaka mitatu mkilijenga juu ya uzembe, sita mkilijenga juu ya mkataba. Inatosha kabisa kumngoja yule wa Doha.