Vyumba Viwili na Mstari wa Maji

Katika istilahi za madalali wa Garsen, mji mdogo wa Kaunti ya Tana River ulio kwenye barabara itokayo Malindi kuelekea Hola na Garissa, maneno "vyumba viwili" hayataji hesabu bali matumaini, kwa kuwa chumba cha kwanza ni chumba, na cha pili ni kipande cha hicho cha kwanza kilichokatwa kwa plaiwudi isiyofika darini, hasa kwa vile dari yenyewe haipo. Dalali, kwa maana inayotumika hapa, ni mtu aijuaye nyumba iliyo wazi kabla mwenyewe hajajua kwamba mpangaji wake anahama, na malipo yake ni ya namna mbili: hela ya kuonyeshwa, ambayo hairudi, na hela ya soda, ambayo haikutajwa mwanzoni.

Walimu, wauguzi, maafisa wa serikali na wafanyakazi wa mashirika ya misaada hutafuta nyumba ileile moja, yaani ya mawe, yenye stima, choo cha ndani na kodi isiyomeza mshahara. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ipo, lakini humkinga mpangaji ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kwa hiyo mtafuta vyumba viwili huisifu sheria hiyo akiwa amesimama nje ya mlango wake.

Hata hivyo, anayepanga bei hasa ni Mto Tana, ambao huanzia kwenye milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukapita mabwawa ya umeme kuanzia Masinga hadi Kiambere, kisha ukashuka kwenye tambarare ambako hauna haraka wala kingo za kuaminika. Ndiyo maana mvua hunyesha Nyeri na godoro likalowa Garsen, chini ya anga isiyo na wingu hata moja. Baada ya mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024, swali la busara kwa mwenye nyumba likawa si idadi ya vyumba, bali maji yalifika wapi. Na hilo, kwa bahati mbaya, ndilo swali ambalo dalali huwa halisikii vizuri.

Mwalimu mmoja aliyehamishiwa huko alionyeshwa nyumba ambayo kuta zake zilikuwa na rangi ya kahawia hadi usawa wa kiuno na nyeupe kutoka hapo kwenda juu, jambo lisilo geni, kwani wengi nchini hupaka rangi nzito chini ili alama za mikono ya watoto zisionekane. Kilichomtatiza ni kwamba mstari huo, ulionyooka kuliko wa fundi yeyote aliyepata kumjua, uliendelea kwenye mlango, ukatoka uani, ukapita kwenye ukuta wa choo na kuishia kwenye shina la mwembe. Alipouliza ni fundi gani apakaye rangi mpaka mti, dalali alimjibu kwa upole, "Mwalimu, rangi ilibaki." Kuhusu vitanda vilivyokuwa vimeinuliwa juu ya matofali manne manne, maelezo yalikuwa kwamba mpangaji aliyetangulia alipenda upepo, na kuhusu maji, ambayo mwalimu aliyauliza akimaanisha ya bomba, mwenye nyumba aliyekuwa kimya muda wote aliapa kwamba kwa upande huo hakuna nyumba Garsen inayoshinda yake.

Mwalimu aliomba siku tatu za kufikiri na punguzo la kodi. Alipewa siku. Aliporudi Ijumaa alikuta mapazia dirishani na mkokoteni wa maji mlangoni, kwani nyumba ilikuwa imeshachukuliwa na muuguzi aliyeonyeshwa saa mbili usiku, stima zikiwa zimepotea.