Mizani, Sufuria na Bibi

Uzito wa familia hutoka kwenye sufuria moja, ila lawama huangukia mtu mmoja. Mara nyingi ni baba, ambaye mkanda wake umeishiwa matundu. Jumapili usiku hutangaza kwamba kuanzia kesho hali tena wali usiku. Jumatano jirani ana shughuli, pilau inaletwa ndani ya hotpoti, na tangazo linaahirishwa hadi mwezi mwandamo. Uamuzi wa mmoja haudumu katika nyumba ambayo wengine wote wanaendelea kukaanga.

Kwa watu wazima, uzito hupimwa kwa kugawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, hesabu iliyobuniwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19. Jibu la 18.5 hadi 24.9 ni zuri, kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni kiribatumbo. Mwenye kilo 80 na urefu wa mita 1.60 hupata 31.25, na hapo ndipo wengi hukumbuka kwamba wao ni warefu kuliko walivyopimwa. Wengine huihamishia mizani juu ya zulia, wakitarajia nafuu, ingawa huko husoma vibaya tu. Mahali pake ni sakafu ngumu, asubuhi, kabla ya chai.

Watoto hawahukumiwi kwa viwango hivyo. Wao hulinganishwa na umri na jinsia yao kwenye chati za ukuaji, na mtoto aliyezidi hashindishwi njaa. Mara nyingi inatosha uzito usipande haraka wakati kimo kinaendelea kuongezeka.

Tatizo kubwa ni dumu la mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ya wanga 4 tu, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta hufikia takriban 120. Lakini jikoni kwingi kijiko hakihusiki: dumu huinamishwa, mpishi anaongea na simu, na mchicha unaanza kuogelea. Kununua kijiko cha kupimia ni nafuu kuliko kununua suruali mpya kwa nyumba nzima.

Soda nazo huwekwa kwenye friji kwa ajili ya wageni. Wageni hawaji, soda zinaisha. Chupa ya mililita 350 huwa na sukari ya gramu 35 au zaidi, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana abaki kwenye 25. Dawa yake ni kutozinunua. Mgeni atakunywa maji, na akinuna ataondoka mapema.

Mama hujiona hali kitu, kwa sababu hahesabu makombo ya watoto anayoyamalizia akiwa amesimama jikoni. Apakue kidogo, anayetaka aongezwe. Nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo ugali au wali, robo maharage, samaki au nyama. Kwa sasa ugali umechukua eneo lote na mboga imebaki pambo.

Bibi ndiye kikwazo kisichoamrika. Kila mjukuu kwake amekonda, na maandazi hutoka kwenye upindo wa khanga. Kumkataza ni utovu wa adabu. Afadhali apewe kazi ya kugawa matunda na kukagua sahani. Baba mwenyewe hatathubutu kuongeza mbele ya mama yake.

Mazoezi yanayotakiwa ni dakika 150 kwa wiki kwa watu wazima na 60 kila siku kwa watoto. Kutembea hadi dukani badala ya kupanda bodaboda kunahesabika. Kukimbia alfajiri na kuishia kwenye supu na chapati mbili hurudisha kilichotoka, na chenji juu.

Uzito ukianza kushuka, majirani watauliza kama kuna mgonjwa ndani. Wajibiwe kwa upole. Ila anayepungua bila kukusudia asipongezwe, apelekwe hospitali.