Chura Gotini pa Mama Mkwe

Februari, Busia ikiwa kavu na madimbwi yote yamebaki vumbi, mwalimu wa Gredi ya Nne aliagiza kila mtoto aje na viluwiluwi. Katika mtaala huu wa umilisi, kazi ya mtoto ni ya mzazi. Nikampigia simu shemeji yangu wa Tororo, ng'ambo ya mpaka, mkulima wa mpunga kwenye kinamasi, ambaye usiku hasikiki kwenye simu kwa makelele ya vyura.

"Viluwiluwi tu?" akashangaa. Nilipofika kwake, akanijazia galoni iliyokuwa ya mafuta ya kupikia.

Mpakani, ambako ukaguzi wa nchi mbili hufanyika chini ya paa moja, afisa aliinua galoni akaitazama kwenye mwanga.

"Samaki hawa?"

"Hapana, afande. Vyura watarajiwa."

"Huyu mbona ana miguu?"

Nikamweleza kwamba miguu ya nyuma hutangulia, ya mbele ikafuata. Mama mmoja nyuma yangu, mwenye gunia la mahindi kichwani, akaomba somo likiisha apishwe.

Kitabu cha binti yangu kimechora maisha ya chura kwa mduara: yai, kiluwiluwi, miguu, chura, na mshale kurudi kwenye yai. Aliyeuchora hajawahi kufuga. Beseni letu lilikuwa na vichwa vyenye mikia, na wengine wenye miguu minne na mkia juu yake, kama bwana aliyevaa suti akasahau kuvua taulo. Akifika hapo kiluwiluwi hali tena. Mkia wake ndio chakula chake, huku mdomo ukipanuka na utumbo mrefu wa kula mwani ukifupika uwe wa kula wadudu. Halafu kila asubuhi idadi ilipungua. Binti alishuku wezi, kumbe wapo viluwiluwi wanaokula wenzao. Waliobaki walinenepa vizuri.

Maji ya joto huwaharakisha, kwa hiyo tukaliweka beseni nje juani, karibu na mlango. Yakawaharakisha hadi Jumamosi, siku aliyokuja mama mkwe.

Kwetu Waluhya, mama mkwe hasogelewi. Alikaa karibu na mlango, mimi nikakaa pembe ya mbali, tukaulizana habari za mvua kila mtu akitazama ukuta wake. Chura mmoja, mkia bado haujaisha, akaingia kwa kuruka na kutua gotini pake, juu ya leso mpya.

"Mwanangu," akasema bila kutikisika, "hiki ni nini?"

Kumgusa siwezi. Leso yake pia siwezi. Mke wangu alikuwa jikoni anasonga ugali, na ugali hauachwi njiani.

"Ni chura, mama. Wa shule."

"Anasoma?"

Binti akaja mbio na daftari, akapiga magoti mbele ya bibi yake.

"Kukhu, usisogee! Sijamaliza kuchora mkia."

Mama mkwe akatii.