Boneti Isiyofunguliwa
Wenye magari wa Dar es Salaam wanamsaka fundi mwaminifu kwa bidii ambayo hawajawahi kuitumia kufungua boneti. Kupima oili kunataka kitambaa, gari lililozimwa na dakika mbili. Filta ya hewa ya Toyota nyingi imebanwa kwa klipu tu, haihitaji hata spana. Utaambiwa magari ya siku hizi ni kompyuta tupu. Sawa, lakini upepo wa tairi haujawahi kuomba neno la siri. Wengine eti hawana muda, kisha wanashinda gereji kutwa, juu ya benchi, wakilinda spea zao zisibadilishwe. Breki na gia mwachie fundi, bila ubishi. Ila mteja asiyejua plagi zinakaa wapi asishangae kuuziwa zake mwenyewe, zimepigwa msasa.