Matoke Juu ya Meno ya Mzee

Meno bandia hupikwa. Wengi wanaoyavaa hawalijui hilo, na senga yetu, yaani shangazi, naye hakulijua. Ndiyo maana Alhamisi moja ya mvua, nyumbani kwetu Ntinda, Kampala, matoke ya jioni na meno ya mzee wa watu vikakutana juu ya sigiri moja.

Karakana ya meno ni ya ukoo wa mama. Babu aliifungua Wandegeya, jirani na hospitali ya Mulago, baada ya Chuo Kikuu cha Makerere kuanza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1982. Alipiga hesabu vizuri: daktari huchukua alama ya ufizi, lakini meno yenyewe hutengenezwa na fundi, kwa hiyo madaktari wakiongezeka na fundi atatafutwa. Alipochoka aliwapita wajomba zangu, funguo akampa Mama. Wajomba walinuna mwaka mzima. Leo wanafanya kazi chini yake, na Baba ndiye mtunza fedha. Mzigo wa Mama ninauheshimu kwa sababu hiyo hasa: fundi anayemharibia kazi Jumatatu ndiye atakayekaa naye msibani Jumamosi.

Wiki ile tulikuwa na mteja kutoka Mukono, mzee asiye na jino hata moja la juu. Jumamosi alitakiwa kuwa msemaji wa upande wa bwana harusi kwenye kwanjula, sherehe ya kujitambulisha kwa wakwe. Mnajua mambo ya Waganda: siku hiyo bwana harusi hukaa kimya, msemaji ndiye anayeomba mke, anayejibu mafumbo ya wenyeji na kubeba heshima ya ukoo mzima mdomoni. Mama aliyapanga meno kwenye nta, akamwambia mzee ayavae na kuongea, huku akisikiliza F na V. Herufi hizo hutoka pale ncha za meno ya juu zinapogusa mdomo wa chini. Meno yakiwa marefu au mafupi kupita kiasi, sikio la fundi hulijua kabla ya jicho.

Alhamisi mchana mvua ikapiga, umeme wa Wandegeya ukakatika, na jenereta ilikuwa imepelekwa kutengenezwa. Mama akalipakata kasha la shaba ndani ya taksi hadi nyumbani. Ndani yake kulikuwa na jasi iliyoshika meno, na pale nta ilipoyeyushwa ikaondoka alikuwa ameshindilia akriliki, ule unga wa rangi ya ufizi unaokandwa kwa dawa ya maji yenye harufu kali. Kasha linatakiwa kukaa kwenye maji ya nyuzi 74 hivi kwa saa nane au zaidi. Akriliki inapoganda hutoa joto lake yenyewe, likaongezeka juu ya lile la maji. Ukiuharakisha moto, ile dawa huchemka kabla haijaganda na kuacha mapovu ndani ya meno.

Mama aliketi uani na kipimajoto chake mpaka alipoitwa getini na mgeni. Senga, aliyekuja toka Masaka kututembelea, akaona watoto wana njaa na sufuria kubwa inabembelezwa na makaa matatu. Akaongeza makaa, akapepea, akatandika vikonyo vya mgomba na kuweka matoke yaliyofungwa kwenye majani.

"Wifi, maji yako yalikuwa yanalala," alimwambia Mama aliporudi. "Nimeyaamsha."

Matoke yalitupwa, kwa sababu mvuke ule ulikuwa na dawa. Watoto walinunuliwa rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai, kwa kijana wa chapati barabarani. Senga alilia, maana kwake kumwaga matoke aliyopika mgeni ni tusi kubwa. Kasha lilipopoa na kufunguliwa, ufizi ulikuwa na vitone vyeupe kama povu la sabuni.

Baba alitaka yang'arishwe yapelekwe hivyo hivyo. Mapovu mengi yalikuwa upande wa kaakaa, nani angeyaona? Na salio la mzee ndilo lililokuwa karo ya muhula wetu. Mama alikataa. Alisema vishimo vile vitaweka mabaki ya chakula na fangasi, kaakaa la mzee litawaka, na meno yenyewe yatakuwa dhaifu, yanaweza kupasuka katikati ya hotuba. Kisha akasema neno lililofunga mjadala: "Jina kwenye bango ni la baba yangu."

Usiku ule alimimina jasi mpya ndani ya meno yale mabovu, akayafunga tena kwenye kasha, akaukwangua ufizi ulioharibika na kuyabakiza meno mahali pake, akashindilia akriliki upya. Halafu akafanya jambo ambalo mimi huliona ndilo uongozi: alimwita senga, akamkabidhi kipimajoto na sigiri. Hakuna mtu nyumbani kwetu ajuaye moto wa pole kama senga. Amelaza matoke juu ya makaa yaliyofunikwa majivu tangu alipokuwa msichana, yakakesha bila kuungua. Alikaa hadi alfajiri, akipunguza na kuongeza majivu, na maji hayakuvuka nyuzi 75.

Umeme ulirudi Ijumaa, meno yakang'arishwa, mzee akayavaa jioni ileile na kuongea bila kukwama. Kwanjula ilikwisha salama, mke akapatikana, salio likalipwa. Tangu hapo senga akija Kampala Mama humpeleka karakana, na wajomba humpisha kwenye moto.

Nawe msomaji, ukienda kuchukua meno yako, usilipe kabla ya kuyainua kwenye mwanga. Ukiona vitone vyeupe ndani ya ufizi wake, yarudishe, hata kama fundi ni ndugu yako.