Baba Watoto na Lita Nne za Dawa

Mume wangu ni mtu aliyevuka Ziwa Tanganyika usiku, kutoka Baraka kwenda Kigoma, mtumbwi ukivuja, naye akimkosoa nahodha kwa kuimba vibaya. Mtu wa namna hiyo humtishi kwa risasi. Lakini daktari alipomweleza kwamba ataingizwa mpira wenye kamera kwa njia ya nyuma ili utumbo mpana ukaguliwe, alisimama, akamshukuru kwa heshima zote, akachukua kofia yake, akatoka. Mimi ndiye niliyebaki kuandikiwa tarehe.

Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, siri ya tumbo haifichiki. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda, ikakusudiwa watu kama 10,000. Sasa tumepita 50,000, na tangu serikali iliporudisha ndugu zetu waliokuwa wakiishi mijini mwaka 2023, foleni zimezidi, za bomba na za choo. Choo chetu cha shimo tunashirikiana na majirani, kwa hiyo nani kaingia mara ngapi na kakaa kiasi gani ni habari ya mtaa mzima. Mama jirani ndiye aliyeniuliza bombani: "Dada, mbona baba watoto anaenda chooni na tochi mchana?" Nilimbana jioni ile ile. Akakiri kwamba anaona damu.

"Tangu lini?"

"Wiki mbili tu."

Zahanati walianza na adui anayejulikana. Wakapima choo kutafuta mayai ya kichocho, maana sisi tumekulia ndani ya maji ya Tanganyika, na kichocho cha tumbo huweza kutoa damu. Hakikuonekana kitu. Ndipo ikaja rufaa ya Lilongwe, na kikao cha ukoo kikakaa bila kuitishwa.

Mama mkwe alisema hakumzaa mwanawe aje kuzibuliwa kama mfereji. Binamu mmoja, ambaye hajawahi kuuona mpira huo, aliapa kwamba una urefu wa mita kumi na ncha yake hutokea mdomoni. Binti yetu akafungua simu akawasomea: urefu ni kama mita moja na nusu, unene ni wa kidole, na madaktari Hiromi Shinya na William Wolff walianza kuukagua utumbo mpana wote kwa mpira huo huko New York mwaka 1969.

"Mimi nimezaliwa 1970," mume wangu akasema kwa uchungu.

"Basi ni mkubwa wako, baba. Ukifika uuamkie."

Masharti ya chakula yalileta fitina nyumbani. Alikatazwa maharage, sombe, mahindi na kila chenye mbegu au makapi, yaani alikatazwa kila tunachokula. Akaruhusiwa wali mweupe, mayai, mkate mweupe na kuku asiye na ngozi. Tukakopa. Watoto walipomwona mgonjwa anakula chakula cha harusi, kitinda mimba alijishika tumbo akasema na yeye apelekwe Lilongwe.

Swali gumu lilikuwa choo. Dawa ya kusafisha tumbo ni lita nne, nusu jioni na nusu alfajiri, na kazi yake ni kukufukuza mbio hadi kinachotoka kiwe maji ya manjano yasiyo na kitu. Usiku kucha kwenye choo cha foleni? Ndipo tukamkumbuka mdogo wangu aliyeolewa na Mmalawi, anaishi Area 36, na choo kiko ndani. Mume wangu aliomba kibali cha kutoka kambini na kusema anakwenda kumsalimia shemeji. Karani akasoma karatasi ya rufaa, akamtazama, akagonga muhuri, akamwambia, "Pole, mzee." Ile pole ilimkera njia nzima, kilomita zote arobaini na kitu, ndani ya basi dogo lililojaa kuku.

Mwenyeji wetu ni mtu mwenye adabu. Kabla hatujakaa alishaleta thobwa, ile togwa nzito ya Wamalawi, kikombe kimejaa hadi ukingoni. Daktari alishasema: vinywaji viwe vile unavyoweza kuona upande wa pili. Kukataa thobwa ya mwenyeji ni aibu, kuinywa ni kuharibu kipimo. Nikakidaka kikombe nikanywa mimi, chote, nikashukuru kwa niaba ya mume wangu. Yeye akapewa dawa, ambayo ladha yake, alisema, ni ya bahari iliyochanganywa na ndimu iliyokufa.

Saa mbili usiku tumbo lilianza kunguruma. Saa tatu maji ya bomba yakakatika.

Usiku ule nyumba nzima ilifanya kazi. Mdogo wangu alichota kwenye pipa, mumewe alibeba ndoo, watoto walishika taa, na mimi nilikaa nje ya mlango wa choo kama askari wa benki. Katikati ya safari zake, mume wangu akaniita kupitia mlangoni.

"Unajua baba yangu alikufa kwa tumbo?"

Nilijua. Nilijua pia kwamba huko kwao Fizi, Kongo, hakupimwa, na ukoo ukasema karogwa, wakamtafuta mchawi hadi wakampata.

"Mimi siogopi mpira," akasema. "Naogopa watakachokiona."

Kabla sijamjibu, tumbo likamjibu. Asubuhi nilihakikisha daktari anayajua hayo ya baba mkwe, maana saratani ya utumbo huweza kufuata ukoo, na swali hilo lilikuwemo kwenye fomu. Mume wangu alikuwa ameandika "Hapana."

Hospitalini alipewa gauni lililo wazi nyuma, akalivaa juu ya suruali mbili. Muuguzi, binti wa umri wa mwanetu, akazidai zote. Kisha wakamchoma sindano ya kumtuliza, na hapo ndipo ulimi ulipofunguka. Nilikuwa nje kidogo ya pazia, nikasikia daktari anauliza polepole damu ilianza lini, na sauti ya baba watoto ikijibu kwa furaha: "Tangu kabla ya tamasha la Tumaini, daktari. Ila usimwambie mke wangu."

Tumaini hufanyika Novemba. Sisi tulikuwa Julai.

Nusu saa hivi baadaye ilikuwa imekwisha. Alikuwa na bawasiri, na zaidi ya hapo kinundu kidogo ndani ya utumbo, kilichokatwa papo hapo bila yeye kuhisi. Vinundu vya aina hiyo huweza kuchukua miaka mingi kugeuka saratani. Kikitolewa mapema, safari yake imeishia hapo. Majibu ya maabara yalikuja baadaye: hakikuwa na saratani. Alipozinduka alitakiwa tu atoe hewa waliyompulizia, na kwa hilo hakuhitaji kufundishwa.

Siku hizi, giza likiingia, wanaume hubisha hodi mmoja mmoja. Kila mmoja ana rafiki anayetaka kujua. Binamu wa mita kumi naye alikuja, akauliza kama ni kweli wanakuchoma sindano hujitambui.

"Kweli," mume wangu akamwambia. "Kwa hiyo kabla hujaenda, mweleze mkeo kila kitu. Ukingoja asikie nyuma ya pazia, utakaa na njaa hata baada ya kipimo."